Nilivyoifuata mboga ya enkurata kutoka Kituntu hadi Murongo nikimtafuta Spesioza

Wakuu, heshima yenu. Walionizidi umri shikamooni, wengine tuamkiane tunavyojua.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Kilichonitoa pangoni ni ule uzi wa juzi wa mboga za asili. Jamaa katupangia mchicha, kisamvu, mnavu, mgagani, halafu akajisifu kwamba amezimaliza mboga zote za Tanzania.

Nilicheka peke yangu. Umezimaliza wapi na Karagwe hujafika?

Kuna mboga inaitwa enkurata. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho na kuyatembea kwa miguu. Wale wa kuandika "chai" kwenye kila uzi, vikombe viko kabatini, jihudumieni.

Ilikuwa miaka ya themanini. Vita na Uganda vilishakwisha, lakini sabuni na chumvi bado zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kyerwa haijawa wilaya, yote tuliita Karagwe. Kwetu ni Kituntu.

Enkurata kwa sura haina maajabu. Majani mapana kidogo kuliko ya mnavu, yana vinyweleo, shina linatambaa. Ukiipika na ndizi na maharage, unaanza kusikia uchungu wa mbali, halafu utamu unakuja taratibu ukiwa ulishakata tamaa.

Ajabu yake ni kwamba inafuata watu.

Umesoma vizuri. Ukiimwagilia maji ambayo mtu amenawia mikono baada ya kula, inamshika huyo mtu. Akiwepo karibu inatulia, inanenepa, mnachuma mnakula. Akisafiri, inang'oa mizizi usiku inaanza kumfuata, mwendo wa kinyonga mwenye mashaka. Asubuhi unaikuta imehama.

Na ikinyweshwa maji ya mtu mwingine inamsahau wa kwanza. Maji ya mwisho ndiyo yanayoshinda. Shikeni hapo, tutapahitaji.

Kwetu lilikuwa jambo la kawaida tu, kama mbuzi kukata kamba. Aliyepata taabu ni padri. Yeye anakula kila nyumba, na akina mama wa kwetu hawamwagi chini maji ya mgeni, ni kumdharau. Wanayapeleka kwenye mboga.

Basi padri akitoka kigangoni Jumapili, njia nzima nyuma yake ni kijani. Ikabidi litolewe tangazo kanisani kwamba maji ya padri yapelekwe kwenye migomba, maana mgomba una watoto wake, hauna muda wa kufuata mtu.

Bibi shamba naye aliwahi kuja kuichunguza. Akapima majani, akasema ni jamii ya mchicha, akakaribishwa chakula, akanawa, akaaga. Baadaye tukasikia jamii ya mchicha imefika mlangoni kwake Kayanga. Hakurudi tena kuchunguza.

Turudi kwenye stori.

Kazi kubwa ya enkurata ilikuwa kwenye uchumba. Posa ikikubaliwa, kila upande unapanda mche kwa ajili ya mtoto wa upande wa pili. Kwao binti unapandwa wa kijana, kwao kijana unapandwa wa binti. Siku ya harusi bibi harusi anakuja na ule uliopandwa kwao, miche yote miwili inapikwa chungu kimoja, wakwe wanakula. Mkishakuwa pamoja hamhitaji tena kitu cha kuwafuata.

Spesioza alikuwa wa Mabira. Familia yao asili yake Rwanda, lakini walikuwa pale tangu mimi sijazaliwa. Alikuja Kituntu msimu mmoja na shangazi yake kufanya kibarua cha kuchuma kahawa.

Alikuwa na mikono mikubwa kuliko yangu. Akipita kwenye mbuni, tawi linabaki uchi. Akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika, na wewe unabaki unajiuliza umesema nini cha kuchekesha ili ukirudie.

Nilimpenda. Sina maelezo mengine, na mwenye nayo ya kwake aanzishe uzi wake.

Posa ikapokelewa. Nilikwenda kwao na wazee, nikala, nikanawa, mama yake akapeleka maji kwenye mche nyuma ya jiko. Maji ya Spesioza yaliletwa kwetu na shangazi yake ndani ya kibuyu. Alikipakata kwenye lori tangu Mabira, hasemi na mtu wala hacheki, lisije likamwagika tone. Alishuka Kituntu amekaza uso mpaka mama akaanza kulia, akidhani tumefiwa.

Mama akaumwagilia mche, akauzungushia miiba, akatangaza nyumba nzima, "Atakayemwaga maji yake hapa atalala nje na hii mboga!"

Tukaifunga kamba, maana ilianza kuvuta kuelekea Mabira usiku uleule. Nilikuwa naamka kwenda kuitazama kabla sijanawa uso. Nikikuta kamba imekaza, siku yangu inakuwa nzuri.

Tulisubiri kahawa iuzwe tufunge ndoa.

Kabla haijauzwa zikaja habari. Baba yake Spesioza amehama. Kaka wa huyo mzee, wa ng'ambo, Uganda, alimwita kwamba huko kuna malisho. Mzee akakusanya ng'ombe, mke na watoto, wakavuka mpaka pale Murongo. Anakwenda wapi hasa, hakumwambia mtu. Mahari ilikuwa haijatoka, kwa hiyo kwa mila hakutukosea kitu. Ndivyo baba yangu alivyonieleza, na mimi nilitaka kumrushia kigoda.

"Wasichana ni wengi, mwanangu," baba alisema.

Mama alitoka nje, akafungua kamba, akarudi na ile mboga ndani ya kikapu.

"Chukua. Hii inajua alipo."

Wakuu, ninyi mna ramani kwenye simu, dada anawaambia kata kushoto. Mimi nilikuwa na mboga. Mchana naibeba kichwani, jioni nalala kwa wasamaria, asubuhi naangalia imelalia upande gani wa kikapu, naendelea.

Watu njiani wananiuliza, "Kijana, hiyo mboga unaipeleka wapi?"

Najibu, "Yenyewe ndiyo inanipeleka."

Wananielewa. Wengine walinipa karanga, wengine walinipa pole.

Nilipofika Mabira, mboga ililalia mbele, kaskazini, haikuijali hata kidogo nyumba yao. Nikajua hawapo kweli. Lakini nilikwenda kuiona. Mlango umefungwa kwa ubao, zizi tupu, harufu ya ng'ombe bado ipo. Nilisimama pale kama mjinga.

Jirani yao, mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Leokadia, akaniita nikale. Nikamwambia nawatafuta jamaa waliohama.

Akanitazama. "Kumbe ndiwe? Ile mboga aliyobeba Spesioza ni yako?"

"Aliibeba?"

"Ameifunga kwenye ungo, kaweka kichwani. Wao wanakwenda huku, yenyewe inavuta kurudi huko kwenu. Shingo imempinda, maskini. Kaka zake wanamwambia itupe, hataki. Mama yake anamwambia nikusaidie, hataki."

Nilikula ndizi za Mama Leokadia sijui hata zina ladha gani. Nilikuwa nafikiria ile shingo.

Nikanawa mikono, nikatoka kwenda kuliangalia tena zizi. Kikapu nilikiacha karibu na jiko. Yeye anajua nina mboga, lakini sikuwa nimemwambia ni ya nani. Kwetu mtu mwenye kikapu cha mboga kichwani anaweza kuwa anapeleka zawadi tu.

Nililala pale kwake, asubuhi naamka, nasikia kitu kimenibana. Nafunua blanketi.

Enkurata imenishika kidole gumba cha mguu.

Nikavuta mguu, nayo ikavutika. Nikahamia upande wa pili wa chumba, ikaanza kunifuata mchana kweupe, bila hata kuona aibu.

"Mama, maji yangu ya jana ulimwaga wapi?"

"Kwenye mboga yako, mwanangu. Niliiona ina kiu." Halafu akaongeza kwa fahari, "Ningemwagaje chini maji ya mgeni? Mimi sikulelewa hivyo."

Nilipomwambia ilikuwa ya nani, alikaa chini pale pale akajifunika kanga kichwani. Alilia kuliko mimi. Ningemkasirikia vipi mtu aliyenikosesha njia kwa sababu ya adabu? Nilimbembeleza mpaka jua likawa kali.

Mboga ya Spesioza ikawa inanifuata mimi. Yaani kitu pekee duniani kilichojua alipo, sasa kinajua nilipo mimi, ambako hata mimi nakujua.

Nikaendelea hadi Murongo kwa ukaidi tu. Pale kwenye kizuizi cha mpakani ofisa wa forodha akaniangalia, mboga imenizunguka shingo.

"Hiyo inatoka au inaingia?"

"Iko na mimi, afande."

"Ina kibali?"

"Haina."

"Basi iache hapa."

Nikaiweka chini, nikarudi nyuma hatua chache. Ikaja. Nikaenda upande wa pili wa kibanda chake. Ikaja. Ofisa akavua kofia, akajikuna, akasema, "Kijana, hebu kaa kwanza."

Nikakaa. Na nilipokaa ndipo akili ikanijia. Ng'ambo ni kubwa, sina pa kuanzia. Lakini Spesioza anayo enkurata yenye maji yangu. Akiifungua tu, itakuja niliko, naye ataifuata. Kwa hiyo dawa ni kukaa karibu na mpaka ili isipate safari ndefu.

Hapo ndipo nilipoanza kazi kwa Mzee Swalehe. Alikuwa na duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na misafara. Nilikuwa nambebea mizigo, nalala stoo, mboga imelala mlangoni.

Alinitania kila siku ya Mungu. "Ewe bwana, mwenzio huyo wa kijani kaamkaje? Na leo atakula nini, au tumpeleke kliniki?"

Lakini jioni akifunga duka ananisogezea kikombe cha kahawa, tunakaa tunaitazama barabara ya ng'ambo. Hakuwahi kuniambia nirudi nyumbani. Siku moja tu aliniuliza, "Na asipokuja?"

Nikamwambia atakuja.

"Haya," akasema, akaninywesha kahawa nyingine.

Kahawa za Kituntu zikachumwa, zikauzwa, zikachanua tena, na tena. Mama alinitumia salamu na madereva wa malori kwamba kuna binti mzuri wa Nyaishozi. Nikajibu bado kidogo. Kila mwanamke aliyevuka kizuizi nilimtazama mikono kabla ya uso. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki.

Nilimtamani, wakuu. Sijui niliweke vipi hilo. Unabeba gunia la chumvi, unashusha, unafuta jasho, na ndani yako kuna mtu anaangalia barabara tu.

Asubuhi moja ofisa akapaza sauti toka kizuizini.

"Wewe wa mboga! Njoo, una mgeni!"

Nilikimbia nikaangusha beseni la sabuni.

Katikati ya barabara, chini ya lile gogo la kizuizi, enkurata. Imekonda, vumbi tupu, majani yameliwa na mbuzi upande mmoja. Iliponiona, kama mboga inaona, ikajikokota mpaka kwenye kiatu changu ikalala.

Kwenye shina ilikuwa na alama ya kamba, imechubuka pote. Na kipande cha kamba bado kinaning'inia. Nilikichunguza. Hakikukatika, hakikuliwa na panya. Fundo lilifunguliwa kwa vidole, taratibu, na mtu.

Nikatazama barabara. Nikaitazama mpaka mchana. Alipita mwenye baiskeli, wakapita ng'ombe, wakapita wanawake wa soko.

"Labda yuko nyuma, anachoka," nikasema.

Mzee Swalehe hakunitania siku hiyo. Alinipa nauli na mkate, akasema, "Nenda ukamwone. Usinikalie hapa ukaniozea."

Ofisa alinipitisha bila kuuliza kibali cha chochote. Mboga zote mbili zilikuwa kikapuni.

Kuirudia njia ya enkurata si kazi ngumu. Kila inapopumzika mchana inaacha duara la majani ya njano. Nikiona duara naulizia, watu wananionyesha lingine. Ilikuwa imepita kwenye mashamba, vichakani, hata katikati ya uwanja wa shule. Nilikuwa natembea naimba. Wakuu, nilijiona bwana harusi.

Nilimkuta uani kwake, anamenya ndizi. Mikono ni ile ile.

Mgongoni alikuwa na mtoto.

Alitazama kikapu kwanza. "Imefika," alisema.

"Imefika."

"Ilikonda?"

"Kidogo."

Mtoto akaamka, akanitazama, akalala tena.

"Nilidhani umeniita," nikasema.

Akaweka kisu chini. "Nisikilize. Sikukuita. Nilikuwa naifunga kila jioni tangu tulipokuja huku. Kila asubuhi nakuta imejichubua. Kwa baba niliifunga, na nilipoolewa nikaja nayo hapa nikaifunga. Nilitakiwa kuipika, mama mkwe alishaweka chungu motoni. Kuipika nilishindwa. Basi majuzi nikachoka."

"Mbona hukuifuata?"

"Niifuate na huyu mgongoni?" Mabega yakamtikisika, lakini hakuwa anacheka. "Nimeifungua nipumzike. Na wewe upumzike. Nilijua ukiiona utajua sikuitupa."

Mumewe akaingia na ng'ombe. Kijana mstaarabu kabisa, Mungu ananiona, nilitafuta cha kumchukia nikakosa.

"Agandi?" akanisalimu. Nikaitikia. Akakitazama kikapu akasema, "Aa, ndiye mwenye mboga! Hii kitu ilivuta nguzo ya zizi langu mpaka ikainama."

Akaninyima ruhusa ya kuondoka bila kula. Nikala. Spesioza akaninawisha, akasimama na beseni, akatazama huku na huku. Akayamwaga yale maji chini, kwenye mchanga, mbele yangu na mbele ya mumewe.

Nikaaga.

Nilirudi Kituntu na mboga mbili. Mama alizipokea. Alizipanda pembeni ya jiko, na kwa kuwa nilikuwepo zikatulia, zikanenepa vibaya sana. Mama akasema, "Zimefaa, nizipike?" Nikamwambia bado. Akauliza tena baada ya mvua. Nikamwambia bado.

Baadaye nikapata kazi Mwanza, nikaondoka na lori alfajiri. Mama akanitumia salamu kwamba zimeondoka zote mbili pamoja, zimeelekea barabara kuu, na hakuwa na moyo wa kuzifunga.

Hazijafika. Labda mbuzi, labda malori, labda jua. Toka Karagwe mpaka Mwanza ni mbali hata kwa mwenye miguu.

Nimeoa. Mke wangu ni Msukuma, tunakula kisamvu na tunaelewana, na stori hii anaijua yote. Sina kinyongo na mtu. Lakini Spesioza namkumbuka, na sioni sababu ya kudanganya humu wakati hakuna anayenijua.

Nililojifunza ni hili: mtu kukufungulia si kukuita. Mimi nilitembea njia nzima naimba kwa sababu sikujua tofauti. Ukiona kamba imefunguliwa, uliza kwanza aliyeifungua alikuwa anataka nini, ndipo uvae viatu.

Sasa nawaachia uwanja. Wenye asili ya Karagwe na Kyerwa, enkurata bado mnaiona huko, au imebaki kabichi tu? Na kuna yeyote humu aliyewahi kufuatwa? Chekeni mnavyotaka, lakini msinitukanie Mama Leokadia.

Mimi nyumba yangu iko mjini, kizingiti cha saruji, uani hakuna hata jani. Asubuhi nikifungua mlango bado naangalia chini kabla ya kukanyaga nje.